Usimsingizie Pole Uzee

Kituoni, 3 Februari

Dada,

Salamu zako za mwaka mpya zimefika juzi na lori la mahitaji, zimekunjamana kana kwamba dereva alizilalia njia nzima, lakini zimefika. Huku sote wazima. Goti langu la kushoto linanitesa nikipanda ngazi, na la kulia linamcheka mwenzake. Mpishi ameokota paka dume, anamlisha kuliko anavyotulisha sisi. Mkuu wetu, yule tunayemwita Kalenda, hajambo, bado anatembea na tarehe mdomoni. Shikamoo yako sikupi. Kunitangulia kutoka tumboni kwa dakika chache si ukubwa, ni pupa.

Sasa sikia habari yenyewe. Nilikwambia umeme wa Pole, chombo chetu kule angani, unapungua kila mwaka, na sisi tunamzimia vitu kimoja kimoja ili apate wa kuendelea kuongea. Mwezi uliopita ikafika zamu ya hita ya kile kipimo chake cha chembechembe za angani. Hita hiyo ndiyo iliyokuwa inakizuia kisigande, kwa hiyo kila mtu hapa alishakiaga. Kalenda aliandika kabisa kwenye ripoti, kwa wino: kimekufa. Amri ikaenda. Tukasubiri, maana unamjua Pole, ukimsemesha leo anakujibu kesho kutwa.

Jibu likaja, na kipimo kinafanya kazi! Kwenye baridi ambayo hakuna aliyewahi kukijaribia, kinapima tu, kinaleta namba zake safi kama jana. Nilipiga kelele mpaka paka akajificha chini ya meza ya redio. Dada, chombo kile tulikifunga sisi, kwa mikono yetu, tukiwa wasichana wa miaka ishirini na kitu. Kompyuta yake ina akili ndogo kuliko mashine yako ya kufulia. Dunia yote ya wakati ule imeshakwenda na maji, na yeye bado anapiga kazi!

Kalenda amefuta "kimekufa" akaandika "bado". Halafu akanikumbusha kwamba mwisho wa mwaka nastaafu, na kwamba kuna chombo kipya kinapanga foleni kutaka muda wa dishi letu la kusikilizia. Anaongea kwa adabu, lakini jicho lake liko kwenye ukuta wa kalenda.

Paa lako limeacha kuvuja?

Mdogo wako


Nyumbani, 21 Februari

Wewe usiye na adabu,

Nimeipokea barua na nimeibusu, kisha nimekasirika kwa sababu ya shikamoo. Watoto hawajambo. Mjukuu ameota meno mawili na anayatumia. Binti yetu mkubwa ananishangaa kila akiniona na kalamu. Anasema, "Mama, si umpigie tu mama mdogo simu?" Nimemweleza mpaka nimechoka kwamba dishi lenu linasikia sana, na simu moja mfukoni huko ni sawa na mtu kupiga ngoma sikioni mwake, ndiyo maana hamruhusiwi. Ananiangalia tu. Nadhani anafikiri nimeibuni hadithi hiyo ili nikupe visingizio.

Habari ya kipimo nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti. Hongera, Pole! Wivu ninao, sikufichi. Tulipogawana wale mapacha wawili, wewe ukatunza Pole na mimi Mbio, nilikucheka kwa sababu wangu alikuwa na kasi. Basi Mbio akakimbia weee, redio yake ikakatika, na mimi nikastaafu nikiwa sina wa kumsikiliza. Na wewe na mzembe wako mpo tu. Ila usisahau kwamba wote wawili niliwafundisha mimi lile somo la mwisho, lile ulilonicheka ukaliita programu ya mtoto aliyepotea sokoni: ukikaa muda mrefu hujasikia neno kutoka nyumbani, usizubae, tafuta jua, geukia huko ndiko nyumbani, usubiri kuitwa.

Juzi nilikuwa namsimulia mjukuu, na wala haelewi, jinsi mama alivyokuwa akinikogesha mimi mara mbili na wewe ukalala na vumbi lako. Na ule uzi mwekundu alionifunga mkononi ili atutofautishe, tukawa tunabadilishana. Masikini mama yetu.

Paa bado linavuja. Fundi amekuja mara kadhaa. Ni mtu makini, hapendi haraka.

Mkubwa wako


Kituoni, 2 Aprili

Dada,

Heri ya kuzaliwa kwetu, japo imechelewa. Natumaini mlikula mkafurahi. Mimi mzima. Hali ya hewa ni nzuri, kuna upepo kidogo jioni. Paka wa mpishi amezaa. Kumbe alikuwa jike siku zote na sisi tunamwita Bwana. Ana watoto wanne, wawili weupe, mmoja wa madoa, na mmoja ambaye rangi yake bado tunabishana. Amewaficha kwenye kabati la vitambaa vya meza, na mpishi hataki mtu afungue, kwa hiyo tunakulia mezani kwenye ubao mtupu. Bomba la bafuni limetengenezwa. Lori limechelewa mara mbili.

Wasalimie watoto. Mbusu mjukuu, uangalie vidole.

Mdogo wako


Nyumbani, 15 Aprili

Pacha wangu,

Una nini?

Sisi tu wazima, mjukuu mzima, paa linavuja sasa upande wa jikoni, salamu zimekwisha. Umeniandikia paka, watoto wa paka, rangi za watoto wa paka na bomba la bafuni. Kuhusu Pole hakuna hata neno moja. Tangu tumeanza kuandikiana hujawahi kuniandikia barua isiyo na Pole. Hata ile ya msiba wa mume wangu ulimtia mstari mmoja mwishoni, na ukaomba radhi.

Umeumwa? Umefukuzwa? Au ni yeye? Nimejaribu kujizuia nisifikirie, nikashindwa, nimeunguza sufuria. Fundi ndiye aliyesikia harufu, akashuka ngazi mbio akazima jiko.

Niandikie ukweli, hata mstari mmoja. Nami nikuahidi kitu: nina jambo langu pia, na nitakwambia ukishasema lako. Sitangulii. Kutangulia kwangu kumeshanigharimu shikamoo.

Mkubwa wako


Kituoni, 3 Mei

Dada yangu,

Salamu. Nimeanza barua hii mara nyingi, na paka amelalia zile zilizotangulia.

Pole amenyamaza. Amenyamaza tangu Machi. Na aliyemnyamazisha ni mimi.

Siku yetu ya kuzaliwa ilikuwa inakaribia, nikataka nikupe zawadi. Dishi lilikuwa na nafasi kidogo baada ya zamu ya Pole. Nikasema nitaligeuza lielekee aliko Mbio, nimsikilize, halafu nikuandikie nilichosikia, hata kama ni kimya. Nilijua huwezi kuomba mwenyewe. Kwa hiyo nilikuwa nimetandaza mezani hesabu za mapacha wote wawili. Ndipo ikafika saa ya kumtumia Pole ile amri ya kawaida ya kunyoosha uso wake utazame nyumbani, amri ambayo nimeituma mpaka vidole vinaijua kuliko mimi. Nikaijaza pembe za Mbio, yaani tarakimu za mwelekeo wake.

Mimi, Dada! Mimi niliyenuna utoto mzima kila nilipoitwa kwa jina lako!

Pole akatii kama kawaida yake. Akageuza uso akatazama mahali pasipo na mtu, na mpaka sasa anaongea na ukuta. Niligundua baada ya siku mbili, jibu liliposhindwa kuja. Nikakaa na karatasi ile nikaitazama mpaka macho yakauma.

Lakini hakuna aliyeikagua. Nani aikague? Mimi ndiye mkongwe wa hapa. Chombo kizee kimenyamaza, basi wote wakajua sababu. Wananipa mkono kama nimefiwa. Mpishi amenipikia uji mtamu. Kalenda mwenyewe alikuja mezani kwangu, akavua miwani, akasema, "Uzee, mama. Hakuna wa kulaumiwa. Amejitahidi." Mwisho wa Juni wanafunga faili lake rasmi na dishi linapewa chombo kipya. Kutakuwa na sherehe ndogo ya kumuaga, na mimi nitatoa hotuba.

Ile programu yako ya mtoto wa sokoni ingemrudisha, kama bado anaikumbuka. Nimehesabu: muda wake unaisha katikati ya Agosti, wakati hapa hakuna anayesikiliza tena. Na nikisema ukweli watamsubiri, najua. Lakini nikisema, nani atakuwa mzee? Watasema bibi amechanganya mapacha, mnaona sasa, ndiyo maana watu hustaafu. Kazi yangu yote itakumbukwa kwa hilo. Kila asubuhi naingia ofisini nikiwa nimeshaipanga sentensi yangu, halafu mtu ananiletea chai, na naimeza pamoja na sentensi.

Sijui nifanye nini.

Mdogo wako


Nyumbani, 14 Mei

Mdogo wangu,

Tuache salamu, wote hapa wanapumua.

Kwanza, nimelia. Si kwa ajili ya Pole, nimelia kwa ajili ya zawadi. Hakuna mtu aliyewahi kunikumbukia Mbio tangu siku ile waliponipa maua na kunifungulia mlango. Nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua bado yuko njiani. Kumbe wewe unazo pembe zake! Umekuwa ukizihesabu miaka yote hii? Mshenzi wewe, nakupenda.

Pili, sasa nikugombeze. Usimsingizie Pole uzee! Hajachoka, hajachanganyikiwa, hajafa. Ameambiwa geuka, akageuka. Umri ule, baridi ile, na bado anatii amri mpaka tone la mwisho, hata ya kijinga. Halafu tumzike kwa utii wake? Umsimamie mbele ya watu, usome hotuba, ule keki, na yeye yuko huko anaongea na ukuta? Huwezi. Nakujua, hutaweza hata kuimeza hiyo keki.

Na wewe pia usijisingizie. Eti bibi amechanganya mapacha! Mama alituchanganya akiwa na miaka ishirini na mbili, macho yake makali kama ya kipanga, ametuzaa mwenyewe. Huo nao ulikuwa uzee? Mwalimu wa darasa la kwanza je, aliyekuchapa wewe kwa kosa langu? Mume wangu, Mungu amrehemu, alikukumbatia wewe kituo cha basi mwezi mmoja baada ya harusi. Alikuwa kijana kabisa! Mapacha huchanganywa, ndiyo kazi yetu hapa duniani. Sasa na wewe umeonja upande wa pili, karibu.

Nenda kwa Kalenda kesho. Usinywe chai kwanza. Wakicheka wacheke, meno ni yao. Wakikukasirikia, watakasirika mpaka Agosti, halafu watanyamaza maana watakuwa wanasikiliza.

Huku wanangu wameanza kuniambia hilohilo neno. Nikisahau funguo, uzee. Nikicheka peke yangu jikoni, uzee. Nikivaa gauni la bluu siku ya kawaida, wanatazamana. Nitakwambia kwa nini nacheka jikoni, lakini lako kwanza.

Mkubwa wako, kwa dakika zile zile


Kituoni, 6 Juni

Dada,

U mzima? Mimi nipo, nimepungua kidogo na ninalala vizuri.

Barua yako ilikuja Jumatatu na lori. Sikunywa chai. Nilimkuta Kalenda ofisini kwake chini ya zile kalenda zake tatu, anaandika hotuba yake ya kumuaga Pole, na kwa bahati mbaya alikuwa amefika pazuri, akaanza kunisomea. Nikamkatiza. Nikasema, "Mkuu, hajafa. Nilimpa pembe za pacha wake."

Akasema, "Pembe za nani?"

"Za Mbio. Nilimgeuza mimi. Alitii."

Akainama, akaisoma ile karatasi ya amri kwa kidole, tarakimu moja moja. Mimi nikahesabu vigae vya sakafu. Halafu akasema kwa uchungu mkubwa, "Unajua nimeandika kurasa ngapi?"

Basi nikacheka. Sikutaka, nimeapa sikutaka, ilitoka tu. Yeye hakucheka. Alinigombeza hasa, Dada, kama hajui ninao umri wa mama yake, na kila alichosema kilikuwa kweli: miezi imepotea, wenzangu nimewaacha waomboleze kitu kizima. Ameniondoa kwenye meza ya amri. Sitatuma tena neno lolote kwa chombo chochote, nitakaa kwenye meza ya kusikiliza tu. Imeniuma mpaka leo, na sioni wa kumlalamikia.

Lakini alipomaliza kugomba, alisimama akageukia ukuta. Akafunua Juni, akafunua Julai, akafika Agosti. Akachukua kalamu akahamisha tarehe. Wote hapa wamekuja kuiona, maana hakuna aliyewahi kumwona akisogeza tarehe. Chombo kipya kimeambiwa kingoje. Tumejaribu pia kumwita Pole kwa sauti kubwa, kwa nguvu zote za kituo, pengine sikio lake likapata mwangwi. Hakuna kitu. Sasa imebaki programu yako.

Nina hofu moja. Hajawahi kuitumia hata siku moja, tangu tumtume. Nyumbani hapajawahi kumnyamazia. Je, bado anayo?

Nimesema langu. Sema lako.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Juni

Mdogo wangu jasiri,

Umefanya vizuri. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza ni nani anayeolewa.

Ndipo nikaona aibu, kwa sababu ni mimi.

Haya. Paa halijavuja tangu Februari. Alilitengeneza siku ile ile ya kwanza, limekauka kama biskuti. Siku ya pili akaja kuhakikisha. Siku ya tatu nikamwambia nasikia kama tone upande wa jikoni, akapanda, akakaa huko muda, akashuka akasema kweli, kuna kitu, atahitaji kurudi. Tukaendelea hivyo miezi mitatu bila tone la mvua, na wote wawili tunakunja uso tunatazama juu. Mke wake alifariki zamani kama mume wangu. Anakunywa chai yake amekaa kwenye kidato cha tatu cha ngazi kwa sababu anasema akikaa kwenye kiti hatataka kuondoka. Mwezi wa tano nikamwambia akae kwenye kiti.

Binti yetu amenuna wiki nzima. Anasema, "Mama, kwa umri huu?" Nikamjibu, sasa ulitaka kwa umri upi, huu ndio nilio nao. Ameanza kulainika, jana alimuuliza bei ya mabati. Tunafunga ndoa tarehe 30 Agosti, watu wachache, viti vya kukodi. Sikukwambia mapema kwa sababu niliogopa ungenicheka. Wewe hukuwahi kuolewa na hukuwahi kulalamika, nami nikilalamika nasikika mpaka barabarani.

Najua Agosti ni mwezi wa Pole. Kama hajarudi, sitakulazimisha uondoke kwenye meza ile. Lakini nakutaka hapa. Nasema wazi, nakutaka.

Kuhusu hofu yako: nililiandika somo lile kwa maneno machache sana. Machache hayasahauliki upesi.

Mkubwa wako, bibi harusi


Kituoni, 14 Agosti

SHIKAMOO DADA!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Hiyo moja ni ya leo na zilizobaki ni malimbikizo tangu tuzaliwe. Zipokee zote, sitarudia.

Amerudi!

Ngoja nikae nikueleze vizuri. Ilikuwa adhuhuri. Kalenda aliwaruhusu wote waje, hata mpishi, akaja na watoto wa paka ndani ya kikapu kwa sababu alisema hawezi kuwaacha siku kama ya leo. Mimi nilikuwa mezani na vile visikio vikubwa, mikono nimeikalia. Kwenye kioo mstari ulikuwa kama kawaida ya miezi yote hii, nyasi fupi fupi, kelele za anga tu. Saa tuliyoihesabu ikafika. Nyasi. Ikapita. Nyasi. Mtu mmoja nyuma yangu akakohoa kile kikohozi cha kutaka kusema pole. Kalenda akasema, "Hakuna anayeondoka."

Halafu kwenye nyasi ukaota mwiba mmoja mwembamba, nikadhani ni macho yangu. Ukakaa palepale, ukarefuka. Dada, ni sauti yake! Dhaifu, ya mbali huko, lakini nitaachaje kuitambua? Aliangalia huku na huku akatafuta jua, akageuka, akatazama nyumbani, kama ulivyomwambia ukiwa msichana. Nikanyoosha kidole tu. Chumba kizima kikalipuka. Mpishi alimkumbatia Kalenda pamoja na kikapu. Nimelia mbele ya kila mtu, na sijali.

Na unajua alikuja na nini cha kwanza? Namba za kile kipimo. Kile tulichokizimia hita, ambacho Kalenda alikiandikia kifo. Kinapima! Miezi yote hii aliyokuwa akiongea na ukuta hakuacha kazi hata siku moja. Kalenda amesema dishi litagawanywa, chombo kipya na Pole watapokezana zamu, na kwamba neno uzee lisitumike tena kwenye ripoti bila kukaguliwa amri kwanza.

Zamu ya Pole ilipoisha, watu walikuwa wanatoka, Kalenda akanigusa bega. Akaniuliza, "Pembe za Mbio unazo?" Akaligeuza dishi yeye mwenyewe. Nikavaa visikio nikakusikilizia, Dada. Nilikusudia nikuandikie nilichosikia, na nakuandikia: ni kimya. Kimya safi kabisa, hakina mkwaruzo. Yuko mahali patulivu. Heri ya kuzaliwa.

Naja harusini. Na kuhusu fundi, nimecheka, ndiyo, nimecheka mpaka nikashika ukuta. Pole alichukua miezi mitano kugeukia jua. Wewe umechukua miaka mingapi?

Mdogo wako


Nyumbani, 22 Agosti

Marahaba!

Nimeisema kwa sauti, mlango wazi. Barua ya binti yangu itakueleza habari za usafiri, mimi kwa furaha sioni mistari. Njoo. Usivae bluu, bluu ni yangu.

Mkubwa wako, hatimaye


Kituoni, 9 Septemba

Dada, na shemeji pembeni najua unasoma,

Nimefika salama. Goti limevimba kwa kucheza na halijutii. Paka wote wamenipokea, mpishi amewapa majina ya sayari.

Kuna jambo sikukwambia pale kwa sababu ya wageni. Unakumbuka nilifika siku moja kabla ya ile mliyonitegemea, na ndiyo, nilikuwa nimevaa bluu makusudi. Nilitaka nione. Getini nikakutana na binti yetu mdogo, amebeba vikombe, akasema bila hata kusimama, "Mama, nani amekuruhusu kutoka nje?" Mwanao wa tumboni! Jirani yako akanipa pongezi za ndoa, nikazipokea. Mjukuu akaninyooshea mikono, akaning'ata.

Mumeo alikuwa anashusha viti vya kukodi kwenye gari, mgongo amenipa. Akageuka na viti viwili mkononi. Hajawahi kuniona hata siku moja. Nikasimama kama unavyosimama wewe, kichwa upande. Akaviweka viti chini taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Karibu, shemeji. Mwenzako yuko jikoni, anacheka."

Hakusita hata kidogo. Mama yetu alisita maisha yake yote. Mimi mwenyewe, unajua nilichofanya.

Jana Kalenda amenirudisha kwenye meza ya amri mpaka nitakapostaafu. Sharti ni kwamba kila neno ninalomtumia Pole lazima likaguliwe na mtu mwingine asiyeweza kuchanganya mapacha. Nimemwambia duniani namjua mmoja tu, lakini kwa sasa yuko juu ya paa la dada yangu, na paa hilo halivuji.

Shikamoo. Hii ni ya shemeji.

Mdogo wako